Kona ya Mwalimu: Anayekwenda kubadilishana lugha asiende mikono mitupu



Juma lililopita niliahidi kuendelea na habari ya watoto wanaokataa kusoma nyumbani. Habari hiyo itangoja kidogo. Siku ya Jumanne, watoto wakiwa wanatoka shuleni, mama mmoja wa hapa Baraka alinifuata mpaka chini ya mwembe. Pembe ya kitenge chake ilikuwa imefungwa fundo. Akaniambia: "Mwalimu, binti yangu amemaliza, diploma amepata. Kuko mutu anasema atamupeleka Kanada, mambo ya kubadilishana luga. Anaomba dola mia ine. Mia mbili iko hapa. Ingine nitauzisha shamba ya mawese. Unasema nini?"

Sikuwa na jibu la kutoa nikiwa nimesimama. Nilimwomba mambo mawili: azirudishe zile mia mbili pahali zilipolala, na anipe juma moja. Haya ndiyo majibu yangu. Ameniruhusu niyaandike hapa, kwa sababu anajua kwamba si yeye peke yake anayelala na swali hili.

Kubadilishana ni nini?

Sisi wa pembeni ya ziwa tunajua kubadilishana. Mtu wa Ubwari anavuka na ndagala, mtu wa mlimani anashuka na maharagwe, kila mmoja anarudi na kile asichokuwa nacho. Asiyeleta kitu hachukui kitu. Akichukua bila kuleta, hiyo ni kuomba ao ni deni.

Lugha ni vile vile. Mwanafunzi wa kubadilishana lugha ni mtu anayekwenda kukaa kwa wengine akijifunza lugha yao, na yeye akiwapa yake. Mfano unaojulikana sana ni wa Ufaransa na Ujerumani. Nchi hizo zilipigana mara 3 ndani ya miaka 75: mwaka 1870, mwaka 1914 na mwaka 1939. Mwaka 1963 zilitia saini mkataba wa urafiki, na mwaka huo huo zikaanzisha ofisi moja ya vijana ya nchi zote mbili. Kazi yake ni kupeleka vijana huku na huku: mtoto wa Kifaransa alale kwa Wajerumani, mtoto wa Kijerumani alale kwa Wafaransa. Mamilioni wamepita katika njia hiyo. Walioianzisha walikuwa wameona vita kwa macho yao. Walifahamu kwamba ukishakula mezani kwa mama wa mwenzako na kujifunza namna anavyomwita mtoto wake kwa upole, inakuwa vigumu kumchukia.

Kwa hiyo kubadilishana lugha ni kitu kizuri, na siwezi kumwambia mama yeyote asimpeleke mtoto. Mimi mwenyewe nilikwenda. Lakini nilikwenda vibaya, na hiyo ndiyo sababu ninaandika.

Namna nilivyokwenda mimi

Nilimaliza ISP katika idara ya Kiingereza. Nilikuwa na diploma mkononi na sarufi yote kichwani, lakini sikuwa nimezungumza na mtu mmoja wa Kiingereza hata dakika 10. Nilikuwa nafundisha lugha niliyoijua kama mtu anayejua kuogelea kwa kusoma kitabu.

Mwaka 2012 ndugu mmoja akaniambia kuna familia Kampala, wanatafuta mtu wa kuwafundisha watoto Kifaransa. "Utalala bure, utakula bure, nao watakufundisha Kiingereza." Tuliyapanga yote kwa simu. Hakuna karatasi. Nilikuwa nimekusanya dola 180 kutoka prime ya wazazi na kuuza vitenge viwili vya mama. Nikatoka Baraka mpaka Uvira, nikapita Kavimvira na Gatumba mpaka Bujumbura, halafu basi, Kigali, Gatuna, Kampala.

Juma la kwanza nilikuwa mgeni. Juma la pili nilikuwa mfanyakazi. Hakuna aliyenitukana, na chakula sikunyimwa. Ni kwamba kila siku kazi moja iliongezeka: leo vyombo, kesho nguo, kesho kutwa mtoto mdogo wa kumwogesha. Kufika mwezi wa kwanza nilikuwa naamka saa 11 alfajiri na kulala saa 5 usiku. Kiingereza nilichokisikia kilikuwa maneno manne: njoo, leta, osha, haraka. Watu wazima wa nyumba wakizungumza wao kwa wao, walizungumza Kiganda. Sokoni nako, Kiganda. Mimi niliyekuja kutafuta Kiingereza nikawa najua bei ya ndizi kwa Kiganda.

Nilikuwa na aibu ya kurudi. Ningewaambia nini watu walioninunulia tiketi? Usiku nilikuwa nalia kimya kimya, kwa sababu chumba nilikigawana na watoto.

Aliyenitoa pale alikuwa binti wa nyumba, wa mwaka wa pili wa sekondari. Kifaransa kilikuwa kinamshinda shuleni. Jioni moja alinikuta karaini, mikono yangu ikiwa ndani ya povu, akaniuliza namna ya kukunja kitenzi "être". Nikamwambia: chukua kitambaa, ufute sahani. Kila sahani niliyoosha nilimpa nafsi moja ya kitenzi, na kila sahani aliyofuta aliniambia jina la kitu kimoja kwa Kiingereza na sentensi yake nzima. Tukafanya hivyo kila jioni. Siku moja nilimwambia kwamba nataka kwenda "library" kununua kamusi. Alicheka mpaka akakaa chini. Sisi tuliosoma Kifaransa tunajua "librairie" ni duka la vitabu; kwa Kiingereza "library" ni maktaba, pahali pa kuazima. Sijalisahau neno hilo mpaka leo, kwa sababu nililijifunza kwa kucheka.

Mwisho wa muhula alama zake za Kifaransa zilipanda. Mama yake akauliza ni nani aliyemsaidia. Hapo nikapata nguvu. Nilikata ukurasa mmoja wa kaye, nikauchora mstari katikati. Upande mmoja nikaandika: Kifaransa, saa moja kila siku kwa watoto watatu. Upande mwingine: Kiingereza, saa moja kila siku, na chakula cha usiku tuzungumze Kiingereza wote. Chini yake nikaandika kazi za nyumba ambazo nitafanya, na saa yake ya kuisha. Nikamwambia: "Mama, hivi ndivyo tulivyopatana kwa simu." Aliusoma ukurasa ule mara mbili. Halafu akatafuta gundi, akaubandika kwenye mlango wa jiko.

Sitaki kusema yule mama alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Mtu akikaa nyumbani kwako bila mpaka ulioandikwa, kazi inamfuata kama maji yanavyofuata bonde. Kosa la kwanza lilikuwa langu: nilijiona mimi ni mwombaji, nikanyamaza. Nilisahau kwamba Kifaransa changu kilikuwa na bei.

Miezi minne iliyobaki ndiyo iliyonifanya mwalimu wa Kiingereza. Ile ya kwanza ilinifundisha kuosha.

Kila lugha ina nyumba yake

Fundisho la pili: wazazi wengi wanapeleka mtoto pahali ambapo lugha wanayoitaka haikai. Tazameni vizuri.

Kigoma iko karibu, na kwetu wengi si ugeni. Wengine tumezaa na kusoma Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Lakini Kigoma nyumbani watu wanazungumza Kiswahili na Kiha. Kiingereza kinakaa ndani ya darasa la sekondari; shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili. Ukimpeleka mtoto Kigoma miezi sita ili ajue Kiingereza, atarudi na Kiswahili kizuri, na hilo si jambo dogo, lakini si kile ulicholipia.

Kampala, Kiingereza kinakaa shuleni, ofisini na redioni. Sokoni na jikoni kuna Kiganda. Kwa hiyo mtoto anahitaji darasa, ao familia iliyoahidi kwa maandishi.

Nairobi kuna Kiingereza na Kiswahili, zote ni lugha rasmi kwa katiba ya mwaka 2010, lakini vijana wa mitaani wana Sheng yao. Kigali shule ziligeuzwa kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kwa uamuzi wa mwaka 2008, lakini nyumbani ni Kinyarwanda. Bujumbura ni Kirundi na Kifaransa, na ukiingia Buyenzi utasikia Kiswahili kama uko kwetu.

Kabla ya kuuliza "nauli ni ngapi?" uliza: katika nyumba ile atakayolala, wakati wa kula wanazungumza lugha gani? Swali hilo moja lingeniokolea miezi mitatu.

Kuna na mambo ya kalenda. Shule zetu zinafunguliwa mwezi wa 9. Tanzania zinafunguliwa mwezi wa 1, Uganda mwezi wa 2. Mtoto akitolewa kalasi ya nne ya sekondari katikati ya mwaka, anapoteza huku na huku. Wakati mzuri ni baada ya Exetat, diploma ikiwa imeshapatikana, kama binti wa mama huyu.

Sisi tuna nini cha kutoa?

Hapa ndipo wengi wananiambia: "Mwalimu, mtoto wa Fizi atampa nini mtu wa Kampala?" Tuna vingi kuliko tunavyofikiri.

Kwanza, Kifaransa. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu iliingia mwaka 2022, inaihesabu leo kati ya lugha zake rasmi, pamoja na Kiingereza na Kiswahili. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam ao wa Kampala anayetaka kuuza Kongo anahitaji mtu wa kumfundisha.

Pili, Kiswahili chenyewe. Mwezi wa 7 mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikubali kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Watoto wa Kampala wanakitafuta leo kitu ambacho watoto wetu wanakitumia kwa kuuzia mihogo.

Lakini tuseme kweli: Kiswahili chetu kina njia zake, na inafaa mtoto azijue kabla hajacheka ao kuchekwa. Sisi tunasema sombe, Kigoma wanasema kisamvu. Lengalenga yetu ni mchicha wao. Ndagala ni dagaa, makala ni mkaa, kinga ni baiskeli, kaye ni daftari. Kuna neno moja linaloleta shida zaidi: "kutosha". Kwetu ni kuondoa ao kutoa kitu. Kwao ni kuwa kamili, bila kupunguka. Binti wa kwetu akimuuliza mama wa Kigoma "nitoshe maji?", yule mama hajui kama anaulizwa ao anachezewa.

Na salamu. Huku kwetu tunasema "jambo mama" na tumemheshimu mtu. Ng'ambo, mtoto anayemwambia mtu mzima "jambo" anaonekana hana malezi. Inafaa aseme "shikamoo", angoje "marahaba". Ni neno moja, lakini ndilo linalofungua mlango wa nyumba. Mfundisheni kabla hajapanda boti.

Hiyo haina maana kwamba Kiswahili chetu ni kibovu. Kilitufikia kwa biashara kupitia Ujiji, mababu zetu wakakipokea, wakakitia ladha ya Kibembe, ya Kifaransa na ya lugha nyingine. Mtoto ajue sanifu kama anavyojua kuvaa viatu vya kwenda ofisini. Akirudi nyumbani anavua.

Kabla ya kutoa hata franka moja

Sasa ninarudi kwa mtu wa dola mia nne. Sikusema ni mwizi, simjui. Nilimwomba mama amuulize mambo matano, nanyi myaandike:

1. Jina la shule na anwani yake. Kwa masomo yanayozidi miezi 6, Kanada inaomba mwanafunzi awe na kibali cha masomo. Kibali hicho kinahitaji barua ya kukubaliwa kutoka shule inayotambuliwa, na uthibitisho kwamba ana feza za kulipa masomo na za kuishi kule. Barua iko wapi? Nani ameonyesha hizo feza? Dola mia nne hazifiki hata tiketi ya ndege.

2. Pasporti. Karte ya CEPGL inatumika Burundi na Rwanda tu, pamoja na kwetu. Zaidi ya hapo mtoto anahitaji pasporti yenye jina lake. Mtu akisema "tutapanga huko mbele", simama hapo hapo. Na pasporti ikae mkononi mwa mtoto. Mwenye nyumba asiichukue kwa kisingizio cha kuitunza.

3. Risiti. Mtu anayetaka feza kwa simu, kwa namba ya mtu binafsi, na anayesema "ni leo ao nafasi inapotea", anauza haraka. Shule ya kweli ina tarehe zake na inakungoja uzifikie.

4. Ukurasa wa kubadilishana. Mtoto atatoa nini, atapokea nini, saa ngapi kwa siku, kazi gani za nyumba, atalala na nani, na ni nani atakayelipa nauli ya kurudi. Mama wa huku na mama wa kule wasikilizane kwa sauti zao wenyewe, wala si kwa mdomo wa mtu wa katikati.

5. Feza ya kurudi. Igawanye feza ya safari mara mbili kabla mtoto hajatoka: nusu ya kwenda, nusu ya kurudi. Hii ya pili isiguswe. Msichana asiye na nauli ya kurudi hawezi kusema "hapana", na ninyi mnafahamu ninachotaka kusema.

Na lugha ya nyumbani?

Niliporudi, mama yangu alinipokea kwa Kibembe. Nilimjibu kwa Kiswahili chenye Kiingereza ndani yake, na sikujisikia. Alinitazama, akaniuliza: "Ya tatu umeileta. Ya kwanza umemwachia nani?"

Sikuwa na jibu, na bado linaniuma, kwa sababu hakuishi sana baada ya hapo. Mambo mengi aliyoyajua kuhusu mbegu, kuhusu kuzaa, kuhusu kupatanisha watu waliogombana, aliyajua kwa Kibembe, na mimi sikukaa chini kuyapokea. Nilivuka mipaka mitatu kutafuta mtu wa kubadilishana naye lugha, na mtu huyo alikuwa jikoni kwetu.

Tena kuna majirani. Hapa Fizi tunaishi watu wa lugha nyingi, na kati yetu kumepita damu. Mtoto wetu anaweza kujua salamu ya Kanada asijue salamu ya kijiji kinachoonekana ng'ambo ya bonde. Wale wa Ufaransa na Ujerumani walianza na jirani aliyewaumiza. Ninaliacha neno hilo hapo, kila mama alitafune kwa wakati wake.

Jibu langu kwa mama wa kitenge

Jumapili alikuja nyumbani pamoja na binti. Yule mtu wa Kanada aliulizwa mambo matano. La kwanza alilijibu nusu, na kwa la pili simu yake ikakatika. Shamba la mawese halijauzwa.

Mama akaniuliza tena: "Basi aende ao asiende?"

Nikamwambia: aende, lakini si leo, na si Kanada. Kwanza afundishe Kifaransa hapa miezi sita, jioni, kwa watoto wa wafanyabiashara wanaotaka, ili ajue kuuza alicho nacho. Apate pasporti yake. Halafu tutatafuta familia Kampala, na mimi mwenyewe nitazungumza na mama wa kule kwa Kiingereza.

Binti alikuwa kimya muda wote. Alipoondoka, niliona ameacha kaye mezani. Alikuwa ameshachora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kupokea ulikuwa umejaa mpaka chini: Kiingereza, kompyuta, kupika ndizi, kuendesha piki-piki. Upande wa kutoa kulikuwa na neno moja tu: Kifaransa.

Nilichukua biki nikaongeza Kiswahili. Chini yake nikaandika: Kibembe, muulize nyanya yako. Kesho nitamrudishia.

Kama una mtoto aliyewahi kwenda kubadilishana lugha, kule Kigoma, Bujumbura, Kampala ao mbali zaidi, mlete kwenye mkutano wetu wa Jumamosi atueleze, mazuri na mabaya. Na kama una binti aliye ng'ambo sasa hivi, mpigie simu leo. Usimuulize kama anakula. Muulize analala saa ngapi.

Tuonane juma lijalo.